Kitambaa Kinachojishona

Ukitaka kumtazama kifaranga kabla hajawa kifaranga, lilaze yai ubavu. Liache ndani ya mashine ya kutotolesha, kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi, mpaka kile unachokitafuta kielee na kutulia upande wa juu, karibu na ganda. Toboa kitundu upande ulio butu, ingiza sindano, vuta ute mililita mbili tatu; kiini kitashuka kidogo na kuachana na ganda. Bandika selotepu juu, chukua mkasi wenye ncha nyembamba, kata dirisha la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mkono ukitetemeka, vipande vya ganda vinaangukia ndani, kiini kinapasuka, na huna la kufanya ila kuanza na yai jingine. Mimi niliharibu mengi kabla ya kupata moja.

Na ukishalipata, mwanzoni huoni kitu. Juu ya kiini cha njano kuna duara jeupe lenye ukungu, basi. Ndiyo maana wenye kazi yao huandaa wino mweusi wa kuchorea, wakauzimua kwa maji ya chumvi na kuupenyeza kwa sindano chini ya duara lile, taratibu, kama mtu anayetandika shuka chini ya mtoto aliyelala. Weusi unasambaa na kile kilichokuwa kimejificha kwenye njano kinajitokeza. Katika yai lililoatamiwa saa 28 hivi utaona ufito wa milimita chache. Upande mmoja umevimba. Huko ndiko kichwa kitakakokuwa. Sehemu ya kati ina vipande vinne au vitano vidogo vya mraba, jozi jozi, mithili ya vifungo. Na kwa urefu wote kuna kingo mbili zilizoinuka, zinaelekeana. Mahali pamoja, kule kichwani, kingo zimegusana. Kwingine bado ziko wazi.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi na sijaizoea. Kilichomo kati ya zile kingo mbili ni ubongo na ugwe wa mgongo, na saa chache tu zilizopita kilikuwa bapa kama karatasi. Hakuna mkono ulioingia mle ndani kuikunja.

Shangazi yangu, aliyeshona sare za shule Tanga kwa zaidi ya miaka 30, nilipomsimulia habari hii aliacha kukanyaga cherehani akauliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, nani anashika kitambaa?"

Siku ile sikumjibu vizuri.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Yai la kuku linapotagwa, kama limerutubishwa, tayari lina makumi ya maelfu ya seli zilizotandazwa juu ya kiini. Zikipata joto, katikati ya duara hutokea mstari, na seli za juu huanza kutumbukia humo na kusambaa chini, hata karatasi iliyokuwa tabaka moja inakuwa matabaka matatu. La juu litatoa ngozi na mfumo wa neva, la kati misuli, mifupa na damu, la chini utando wa ndani wa utumbo na mapafu. Christian Pander aliyaeleza matabaka hayo mwaka 1817 baada ya kufungua mayai kwa maelfu. Hizo ndizo gharama za elimu hii tangu zamani. Aristotle naye alikuwa akifungua yai kila siku, akaandika kwamba siku ya tatu moyo huonekana kama tone la damu linalorukaruka.

Sehemu ya tabaka la juu, ile itakayokuwa ubongo na ugwe wa mgongo, huwa nene kidogo kuliko majirani zake. Seli zake zimesimama wima, bega kwa bega, zikiwa zimeshikana kwa protini zilizochomoza kwenye tando zao. Ndani ya kila seli, karibu na upande wake wa juu, kuna mshipi wa nyuzi za aktini, na kwenye nyuzi hizo kuna miosini, ndugu wa protini ile inayokaza misuli ya mkono wako unapobeba ndoo. Mshipi ukikazwa, juu ya seli panabanwa kama mdomo wa mfuko wa kamba, chini panabaki papana. Seli iliyokuwa na umbo la tofali inakuwa kabari. Seli moja ikifanya hivyo hakuna linalotokea. Zikifanya mamia, na kila moja imemshika jirani asiende popote, karatasi haina pa kwenda ila kujikunja.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ufundi wenyewe uko hapa. Anayeanza kushona hukunja kila mahali. Fundi hujua pa kukunja na pa kuacha. Katika kifaranga, karatasi ya neva inajikunja kwenye mistari mitatu tu. Mmoja uko katikati, juu kabisa ya ufito laini uitwao notokodi. Miwili iko pembeni, karibu na kingo. Kati ya mistari hiyo karatasi inabaki imenyooka. Na ule mstari wa katikati una mbinu yake ya ziada: kiini cha seli, ambacho katika karatasi hii huwa na mazoea ya kupanda na kushuka ndani ya seli kabla haijagawanyika, hapo hukawia chini. Chini panavimba, juu panabaki pembamba, na kabari inapatikana kwa njia ya pili. Wakati huohuo ngozi ya pembeni inatanuka na kuzisukuma kingo zielekeane. Kuna kuvuta, kuna kunenepa chini, kuna kusukumwa na majirani. Hata mmoja akilegea, wengine wanaweza kuisogeza kazi.

Wakilegea sana, haisogei. Mwaka 1999 Jeffrey Hildebrand na Philippe Soriano walieleza juu ya panya wenye hitilafu katika jeni moja. Kingo za ubongo wao, badala ya kuinuka na kukutana, zilifunguka na kuangukia nje kama kofia ya uyoga, na kwa sababu hiyo jeni ile ikabandikwa jina la Shroom, kipande cha neno la Kiingereza lenye maana ya uyoga. Protini inayotokana nayo kazi yake ni kuuleta mshipi wa miosini mahali pake pa juu na kuukaza. Watafiti wa viinitete wana tabia hiyo ya kuipa jeni jina la ubaya unaotokea inapokosekana. Ni kama kumwita fundi bomba "Mafuriko". Mimi huwa nacheka, lakini hulisahau tena jina.

Kujikunja peke yake hakutoshi. Karatasi ya neva mwanzoni ni pana na fupi, na mwili unaotakiwa ni mwembamba na mrefu. Jambo hili lilifuatiliwa kwa subira isiyo ya kawaida na Ray Keller huko Marekani, akitumia chura wa makucha, yule wa kusini mwa Afrika ambaye jamaa yake wa karibu anapatikana hapa kwetu mpaka Marsabit. Keller alikata vipande vya kiinitete cha chura, akavilaza kwenye kioo, akaviangalia. Vipande vilijirefusha vyenyewe, nje ya mwili, bila kuvutwa na yeyote. Wengi wangedhani kila seli imejinyoosha kama mpira. Haikuwa hivyo. Seli zilikuwa zinapenyezana. Kila moja ilitoa vidole upande wa kushoto na wa kulia, ikawashika jirani, ikajivuta katikati yao.

Fikiria wanafunzi wamejipanga safu nne kwenye gwaride, kisha kila mmoja anajiingiza kati ya wawili wa pembeni yake mpaka zinabaki safu mbili. Hakuna aliyerefuka, hakuna aliyeongezeka, lakini mstari sasa ni mrefu mara mbili na umekonda nusu. Kinachonishangaza ni kwamba hawa wanafunzi hawana mwalimu wa mbele wala filimbi. Kila seli inajua upande upi ni kushoto-kulia na upi ni mbele-nyuma, kwa sababu protini fulani zimekaa upande mmoja wa seli na nyingine upande wa pili, na jirani husomana kwa kugusana. Panya mwenye hitilafu katika jeni iitwayo Vangl2 anapoteza usomaji huo. Seli zake hai, mishipi yake inakazwa, kingo zinainuka vizuri, ila karatasi imebaki pana mno na kingo hazifikiani. Mshona nguo yeyote anaijua aibu hii: vifungo vizima, matundu yamekatwa vizuri, nguo haifungi kwa sababu kiuno kilipimwa vibaya.

Kingo zikifikiana, zinaungana, na karatasi inakuwa mrija. Hapo kuna jambo jingine dogo ninalolipenda. Seli za karatasi nzima, za ngozi na za neva, mwanzoni hushikana kwa protini ya aina moja, kadherini E. Karatasi ya neva inapokunjika, seli zake huiacha kadherini E na kuvaa kadherini N. Masatoshi Takeichi wa Kyoto, aliyezipa kadherini jina hilo, alikuwa ameonyesha kwamba seli hupenda kushikana na wenye kadherini kama yao. Basi mrija unapofungika, ngozi iliyo juu na neva zilizo chini tayari hazishikani tena; zinaachana bila mkasi. Mwaka 1990 watafiti waliilazimisha ngozi ya viinitete vya chura nayo itengeneze kadherini N, na mrija ukashindwa kujitenga vizuri na ngozi.

Kwa binadamu kazi hii yote hukamilika siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Mama wengi siku hiyo bado hawajajua kama wana mimba. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na kile tunachokiita mgongo wazi, na anayepita wodi za upasuaji wa watoto Muhimbili au kwingineko atawakuta, mara nyingi na kichwa kikubwa pia kwa sababu maji ya ubongo hayapiti vizuri. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kwamba mama waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, wakinywa vidonge vya foliki asidi tangu kabla ya kubeba mimba tena, hatari ya tatizo kujirudia ilipungua kwa asilimia 72. Ndiyo sababu siku hizi mwanamke anayetarajia kubeba mimba hushauriwa mikrogramu 400 kwa siku, na ndiyo sababu unga wa viwandani huongezewa vitamini hiyo. Kidonge kinachoanzishwa kliniki mwezi wa tatu wa mimba kina faida zake nyingine, lakini kwa mshono huu kimechelewa: fundi ameshakunja kitambaa na kuondoka. Naona hili lingesemwa kwa wasichana shuleni, mapema, kwa maneno mepesi.

Lakini yule fundi ni nani? Mwaka 1924, huko Freiburg, Ujerumani, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha jaribio ambalo lilikaribia kutoa jibu. Vifaa vyao vilikuwa sindano za kioo walizozivuta wenyewe kwenye moto, na vitanzi vya unywele. Spemann alitumia nywele za mtoto wake mchanga kwa sababu ni laini kuliko uzi wowote. Mangold alikata kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda mweupe, kutoka kwenye ukingo pale seli zinapotumbukia ndani, akakipachika ubavuni mwa kiinitete cha salamanda mwenye rangi. Viinitete vingi vilikufa. Antibiotiki hazikuwapo bado. Vichache vilivyopona viliota mwili wa pili ubavuni, wenye mrija wa neva na notokodi. Na kwa sababu ya tofauti ya rangi, ilionekana waziwazi nani kajenga: sehemu kubwa ya ule mrija wa pili haikutokana na kipande kilichopandikizwa, ilitokana na seli za mwenyeji. Kipande kiliwaambia majirani, majirani wakafanya kazi. Spemann alipata Nobeli mwaka 1935. Hilde Mangold hakufika huko; alifariki mwaka uleule wa 1924, akiwa na miaka 25, kwa majeraha ya moto nyumbani kwake.

Aliyeyasogeza mambo mbele kwa namna ninayoipenda zaidi ni mwanafunzi mwingine wa Spemann, Johannes Holtfreter. Baadaye akiwa Marekani, yeye na Philip Townes walichukua viinitete vya amfibia, wakavitia kwenye maji yenye magadi kidogo mpaka seli zikaachiana moja moja, wakazichanganya kama mtu anayechanganya mchele na choroko, wakazirudisha kwenye maji ya kawaida. Seli zilishikana ovyo kuwa donge. Kisha, ndani ya donge, zikaanza kujipanga upya. Za ngozi zikatoka nje, za neva zikaingia ndani, za tabaka la kati zikakaa katikati. Taarifa yao ilitoka mwaka 1955. Baadaye Malcolm Steinberg alieleza kwamba hili linafanana na mafuta na maji ndani ya chupa moja: wanaoshikana kwa nguvu zaidi hukusanyika ndani, wanaoshikana kwa ulegevu huwazunguka. Nilipolisoma jaribio hili mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Umepasua nyumba, ukachanganya matofali, mabati na milango kwenye karai, na asubuhi bati limepanda juu lenyewe.

Wapo pia wasafiri. Mrija unapofunga, seli za pale juu kwenye mshono huachana na wenzao na kuondoka. Nyingine huenda kuwa rangi ya ngozi na manyoya, nyingine neva za utumbo, nyingine mifupa ya uso. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa hakika nani ameishia wapi, maana seli haina kitambulisho. Mwaka 1969 Mfaransa Nicole Le Douarin aligundua kwamba seli za kware zina kiini chenye doa zito linaloonekana kwa hadubini, za kuku hazina. Akakata kipande kidogo cha mrija wa kware, akakishonea ndani ya kiinitete cha kuku kupitia dirisha kama lile nililolieleza mwanzo, akaliziba yai, akangoja. Popote alipoliona doa, hapo msafiri alikuwa amefika. Kware haohao ambao Kenya mwaka 2013 na 2014 watu waliuza mpaka pikipiki ili wafuge, kisha soko likawaangukia! Laiti wangejua ndege huyu amewahi kuwa na thamani ya namna nyingine.

Safari zenyewe zina adabu zake. Seli hizi zikigongana, husita, kisha kila moja hugeukia upande mwingine, hata kundi zima linaelekea penye nafasi. Na mwaka 2018 watafiti wa London waliona katika chura kwamba hazianzi kuondoka mpaka tishu iliyo chini yao imekuwa ngumu vya kutosha, kama mtu anayengoja tope likauke ndipo avuke.

Vile vipande vya mraba nilivyovifananisha na vifungo, ambavyo vitakuwa pingili za uti wa mgongo na misuli, navipita haraka ingawa vinastahili makala yao. Kwa kuku hutokea jozi moja kila dakika 90, kwa samaki pundamilia wa maabara kila dakika 30, kwa panya kila saa mbili, na saa hiyo inagonga ndani ya seli zenyewe, kwa jeni zinazowaka na kuzimika kwa zamu. Mwaka 1997 kundi la Olivier Pourquié, Ufaransa, liliiona ikigonga katika kifaranga. Na kuna kuchonga pia, si kushona tu: mguu wa kifaranga na wa bata huanza ukiwa kasia, vidole vimefungamana. Kwa kifaranga seli za katikati ya vidole hufa kwa mpango, vidole vikaachana. Kwa bata nyingi huachwa hai, na ndiyo maana anaogelea.

Watu hupenda kusema kwamba yote haya yameandikwa kwenye jeni kama ramani ya nyumba. Mimi silipendi neno hilo. Kwenye ramani ya nyumba unaweza kuweka kidole ukasema hapa ni jikoni. Kwenye jeni huwezi kuweka kidole ukasema hapa utumbo utajipinda mara tisa. Jeni inaiambia seli itengeneze protini gani, lini, kiasi gani: kaza mshipi, badili kadherini, gawanyika, kufa. Umbo halimo kwenye agizo lolote kati ya hayo. Linatokea baadaye, kati ya seli na seli, kwa sababu vitu vikivutana na kubanana havina hiari ya kubaki bapa. Mwaka 2011, Kobe, Japani, kundi la Yoshiki Sasai liliziacha seli changa za panya zielee kwenye maji yenye virutubisho, bila kiinitete, bila kichwa, bila mfupa wa kuzizunguka. Zilijikusanya kuwa tufe, tufe likatoa uvimbe, uvimbe ukabonyea ndani wenyewe ukawa kikombe cha jicho chenye kuta mbili, kile kinachopatikana katika kila mnyama mwenye uti wa mgongo. Hakuna aliyekibonyeza.

Aliyeanza kusema haya alichekwa. Mwanaanatomia Wilhelm His, mwaka 1874, aliandika kwamba mikunjo ya kiinitete hutokana na sehemu moja kukua haraka kuliko jirani yake, na akatumia mirija ya mpira kuonyesha: bonyeza hapa, vuta pale, tazama inavyojipinda. Ernst Haeckel, aliyekuwa na jina kubwa na ulimi mkali, alimdhihaki kwa hiyo mipira yake. Kwa Haeckel, umbo la kiinitete lilikuwa kumbukumbu ya mababu wa kale, na mambo ya mpira yalikuwa mchezo wa watoto. Dhihaka ilifanya kazi. Swali la nguvu na mikunjo lilikaa pembeni kwa miaka mingi.

Sasa tazama kilichotokea. Utumbo wa kifaranga huanza ukiwa mrija ulionyooka. Umening'inizwa kwenye utando mwembamba unaoufunga upande wa mgongo kwa urefu wake wote. Kati ya siku ya 8 na ya 16 mrija unajipinda vitanzi, na vitanzi hivyo haviko ovyo: kila kifaranga wa umri uleule ana idadi ileile. Mwaka 2011 kundi la Clifford Tabin na L. Mahadevan wa Harvard liliutenga utumbo na utando wake kwa kisu. Utumbo ukanyooka. Utando, uliokuwa umetanuka, ukasinyaa. Ikawa wazi kwamba utumbo unakua haraka kuliko utando, na utando unaurudisha nyuma. Kisha wakafanya jambo ambalo His angelia kwa furaha kuliona: walichukua mrija wa mpira, wakaushonea kwenye ukingo wa karatasi ya mpira iliyovutwa, wakaiachia. Mrija ukajipinda vitanzi, sawa na vya kifaranga. Wakipima unene, ugumu na tofauti ya ukuaji, waliweza kutabiri vitanzi vya kuku, vya kware, vya ndege mdogo jamii ya chiriku na vya panya, ambao wote wana matumbo tofauti. Mrija wa mpira, kwa sindano na uzi, miaka 137 baada ya His kuandika.

Hili ndilo nililompelekea shangazi, nikijua halitampita. Ilikuwa Idd kubwa, mbuzi ameshachinjwa, yeye yuko uani na beseni la utumbo. Nikamweleza karatasi ya mpira inavyovutwa, mrija unavyoshonewa, inavyoachiwa.

"Hiyo lastiki," alisema bila kuinua kichwa. "Sketi za darasa la kwanza zote nilishona hivyo. Unaivuta lastiki, unashona, unaachia, marinda yanajipanga yenyewe. Ukivuta sana yanakuwa madogo madogo, ukivuta kidogo yanakuwa makubwa."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba hata wale wa Harvard waliona hivyo: tofauti ikiwa kubwa, vitanzi hujibana na kuwa vidogo.

Akanyamaza. Alikuwa ameinua kipande cha utumbo, utando wake ukiwa umening'inia, ukingo wa ndani mfupi, ukingo wa nje wenye utumbo umejaa mawimbi. Akautazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ila huyu hakuvutwa," alisema. "Lastiki lazima mtu ashike ncha mbili. Ndani ya tumbo nani atashika? Hapa kitambaa ndicho kilichozidi. Upindo umebaki mfupi, kitambaa kinaendelea kukua, na wameshonwa pamoja. Kimezidi, hakina pa kwenda."

Akapitisha kidole gumba kati ya utumbo na utando, akauchana kwa mkupuo mmoja kama mtu anayefumua upindo. Mawimbi yakaisha, utumbo ukalala mrefu kwenye beseni. Akaniambia niongeze maji na nimletee ndimu.